Mwaka Usio na Bingwa

Jumatatu, 6 Mei

Nimepewa kazi ambayo sikuiomba, ndiyo maana nimeanza daftari jipya. Mwalimu Minza, anayetufundisha Jiografia na kusimamia michezo, aliniita wakati wa mapumziko akanipa barua yenye nembo ya Ligi ya Taifa ya Netiboli. Ligi wanaandaa kitabu cha historia yao tangu 1978: kila mwaka, bingwa wake, na majina ya wachezaji wake kumi na wawili. Mkoa wetu umewahi kutoa bingwa mmoja tu, timu ya Ghala ya hapa Sumbawanga, mwaka 1991. Lakini barua inasema makao makuu hawana orodha ya wachezaji wa Ghala wala kadi zao za usajili. Wasipozipata kabla ya siku ya mwisho ya Julai, mbele ya mwaka 1991 wataandika: "Bingwa hakuthibitishwa."

"Wewe ni mtunza alama wa timu," Mwalimu akasema. "Unaandika vizuri. Utawatafuta hao kina mama."

Nikasema sawa. Mimi husema sawa kwa sababu ni neno fupi.

Sichezi netiboli. Mpira ukija upande wangu nafumba macho. Nakaa kwenye kiti kando ya kiwanja na kuandika nani kafunga na nani kakosa, na kwa kukaa pale nimezoea kuona mambo ambayo wachezaji hawayaoni. Kwa hilo nafaa. Kwa kuzungumza na watu nisiowajua sifai hata kidogo.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwambia Husna. Amecheka mpaka akakaa chini. Husna ndiye mfungaji wetu, na ni rafiki yangu tangu chekechea.

"Kulu, wewe unayeomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kuandika kikaratasi? Wewe ndiye utahoji watu?"

Ilikuwa mara moja tu, tena kidato cha kwanza.

Jumamosi, 11 Mei

Nahodha wa Ghala anaishi hapa hapa mtaani kwetu, Chanji, nyuma ya mashine ya kusaga. Nimempita miaka yote bila kujua. Anaitwa Mama Agnesi, ni mrefu, magoti yanamsumbua, na anauza maharage sokoni. Nilisimama nje ya geti lake kwa muda mrefu nikipanga maneno, mpaka akatoka mwenyewe.

"Wewe si binti wa Suleimani wa duka la vifaa? Unauza nini?"

"Shikamoo mama. Siuzi. Nimekuja kwa ajili ya netiboli."

"Marahaba. Netiboli! Basi ingia, karani, usisimame kama nguzo ya simu."

Nimeandika kurasa saba. Ghala lilikuwa la serikali na lilikusanya mahindi ya Ufipa nzima. Wanawake walioajiriwa pale walichekecha nafaka, walishona magunia, na waliyaanika mahindi yenye unyevu kwenye sakafu kubwa ya saruji. Sakafu hiyo ndiyo iliyokuwa kiwanja chao. Kukiwa na mahindi walifanya mazoezi kwenye njia nyembamba kati ya malundo, na aliyekanyaga punje alifagia sakafu nzima. Hapo ndipo walipojifunza pasi yao maarufu. Mpira unatoka kwa senta kwenda kulia, unarudi kwa senta, unakwenda kushoto, unarudi tena, na mbele hauendi mpaka adui achoke kugeuka. Waliiita mizani.

Anajisifu sana. Kila sentensi ina "mimi". Kisha nikaomba majina ya wachezaji, akataja kumi na moja bila kusita, nikasubiri.

"Ni hao," akasema.

"Barua inasema kumi na wawili, mama. Na senta hujamtaja."

"Andika kumi na moja."

"Lakini..."

"Karani, andika kumi na moja au funga daftari lako."

Nililifunga. Nimerudi nyumbani nikiwa sina hata hakika kama nampenda.

Jumapili, 19 Mei

Nimeandika ukurasa wa kwanza wa historia, kutokana na orodha iliyoambatanishwa na barua. Kwa miaka kumi na tano ya mwanzo mabingwa walikuwa timu za mahali pa kazi. Nyuzi ya Tabora, mabinti wa kiwanda cha nguo, walichukua mara nne. Tanuru ya Morogoro, waliotengeneza matofali, mara tatu. Mawimbi ya Mtwara, makarani wa bandarini, mara mbili mfululizo, na mwaka wa pili hawakupoteza mchezo hata mmoja. Kisha viwanda vikaanza kufungwa, na timu zikafungwa navyo. Nyuzi hawamo tena baada ya 1994. Tanuru wanatajwa mara moja, nafasi ya nane, halafu kimya. Baada ya hapo mabingwa ni timu za majeshi karibu kila mwaka.

Nilidhani naandika habari za mpira. Naona naandika pia habari za nani alikuwa na ajira na nani alikuwa na lori la kumsafirisha.

Katikati ya orodha yote hiyo, 1991 ina nafasi tupu.

Jumatano, 22 Mei

Upepo. Tumemaliza kuvuna mahindi ya nyuma ya nyumba. Hakuna jambo.

Jumamosi, 25 Mei

Leo yamefanyika mashindano ya shule za sekondari, na kuna jambo.

Shule yetu ilicheza na wasichana kutoka Ilemba, kule chini bondeni. Walikuja na jezi zisizofanana na viatu vya kuazima, na watu wetu wakawazomea: "Nyie, mpunga mmemwachia nani? Ndege wanakula huko!" Robo ya kwanza wakatufunga tisa kwa tatu.

Nilikuwa naandika magoli, mara mkono ukasimama. Mpira ulitoka kwa senta wao kwenda kulia. Ukarudi. Ukaenda kushoto. Ukarudi. Husna na wenzake walikuwa wanageuka kama kuku waliofungwa kamba mguuni. Nilisahau kuandika magoli mawili na mwamuzi akanikaripia mbele ya watu.

Mchezo ulipokwisha nikamfuata senta wao. Sijui nilivyoweza. Nadhani miguu ilitangulia.

"Samahani, dada. Ile pasi mnaiitaje?"

"Mizani."

"Nani kawafundisha?"

"Mama Abel. Anatufundisha jioni kwenye uwanja wa kupuria mpunga. Ukikanyaga punje, unafagia wewe."

Husna akanivuta mkono. "Tumefungwa ishirini na nane kwa kumi na tatu, na wewe unacheka! Mshikaji wangu gani wewe?"

Jumatatu, 27 Mei

Nimekwenda kwa Mama Agnesi baada ya shule. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, nikiangalia ndoo ya maji. Akasema jina la senta kwa mara ya kwanza: Monika.

"Mimi na yeye tulilala chumba kimoja miaka mitano. Ndiye aliyekuwa amesoma kutuzidi, kwa hiyo alikuwa pia katibu. Kadi zetu zote na fomu ya Ligi zilikaa kwenye mfuko wake. Tumetoka Mbeya na kombe, tunaimba njia nzima. Tulipofika Mpui, kwao, akashuka kwenye lori na mfuko wake. Akasema anakwenda kumsalimia mama yake. Hakurudi. Sisi tukafanya kazi aliyoiacha, siku nne usiku na mchana, mikono ikachubuka. Yeye yuko kwao anakula."

"Hamkumtafuta?"

"Nilimfuata mimi mwenyewe. Baba yake akaniambia hayupo, na mimi nikaona sufuria mbili jikoni na mtungi umejazwa sasa hivi. Alikuwepo. Hakutaka kuniona." Akaanza kuchambua maharage kwa nguvu. "Basi. Kama yuko Ilemba, akae Ilemba."

Kwa hiyo kadi zipo, pengine. Na mwenye kadi hatakiwi.

Ijumaa, 31 Mei

Shule imefungwa. Mwalimu Minza anasema bila kadi Ligi hawatakubali, amepiga simu kuuliza. "Kulsumu, umebakiwa na miezi miwili. Usinitazame hivyo, mwanangu, hata mimi natamani ingekuwa rahisi."

Alhamisi, 6 Juni

Baridi imeingia. Baba amevaa makoti mawili dukani na bado ananung'unika.

Jumamosi, 15 Juni

Baba anakwenda Ilemba kesho kutwa kuchukua mpunga na Fuso. Nimeomba kwenda naye. Mama aliweka kikombe chini.

"Wewe? Utakaa na watu?"

"Nina kazi ya shule."

Baba akanitazama kama aliyeletewa mgeni. "Mwache aje. Atanihesabia magunia."

Jumatatu, 17 Juni

Nimeharibu kila kitu.

Tulishuka bondeni asubuhi, nikavua sweta, kisha skafu, maana kule ni nchi nyingine kabisa kwa joto. Baba alipakia mpunga karibu na soko, mimi nikaelekezwa kwa Mama Abel, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba. Nilimkuta anapepeta. Ni mwanamke mfupi, mwepesi, na alisimama kwa ncha za vidole kama yuko ndani ya duara anasubiri filimbi. Nilimjua pale pale. Njia nzima nilikuwa nimekariri utangulizi mzuri wa sentensi tano. Haya ndiyo yaliyotoka:

"Shikamoo. Natokea Sumbawanga, kwa habari za Ghala. Nimekuja kwa ajili ya orodha. Ya mwaka tisini na moja."

Ungo ulibaki hewani. "Wewe ni wa Ghala?"

"Ndiyo. Yaani, naandika. Mimi ni kama karani wao."

Akaweka ungo chini taratibu, pumba zikamwagikia miguuni mwake. Akaingia ndani akafunga mlango.

Nilisimama pale juani. Baada ya muda akatoka mwanamume wa miaka ishirini na kitu, uso wake umejaa wasiwasi, akasema yeye ni Abel.

"Dada, mama amesema hivi. Kama mmekuja kumchukua, apewe muda amalize mpunga. Hatakimbia tena."

"Kumchukua kumpeleka wapi?"

"Hata mimi sielewi. Analia. Anasema mahindi yalimfuata. Mahindi gani?"

Sikujua mahindi gani. Nilisema "si hivyo, si hivyo," kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, na Baba akaanza kupiga honi kwa sababu lori lilikuwa limejaa. Abel alinipa namba yake ya simu. Ndilo jambo pekee nililorudi nalo.

Kwenye mlima Baba aliuliza kama kazi ya shule imeisha. Nilimwambia nimemliza mama wa watu. Hakunicheka. Alisema, "Basi kesho ujue kwa nini," akabadilisha gia.

Jumanne, 18 Juni

Nimejua kwa nini.

Mama Agnesi alikuwa amesimama aliponiona, na alisimama hivyo hivyo mpaka nilipofika kwenye maneno ya Abel. "Apewe muda amalize mpunga." Hapo akakaa juu ya gunia la maharage.

"Rudia."

Nikarudia.

"Mgambo," akasema. "Mungu wangu. Nilikwenda na mgambo."

Ilichukua muda kuipata hadithi kwake, na naiandika kwa mpangilio ambao yeye hakuufuata. Ilikuwa Novemba. Siku ya safari ya fainali kulikuwa na magunia sitini ya mahindi kwenye sakafu, mahindi ya mwisho ya msimu, bado yana unyevu. Zamu ya kuyafunika turubai ilikuwa ya Monika. Lori la Mbeya lilikuja saa mbili kabla ya wakati, dereva akapiga kelele, wote wakapanda mbio, na turubai zikabaki zimekunjwa ukutani. Wakacheza. Wakashinda. Wakati wa kurudi, pale Mpui, wakakutana na lori linatoka Sumbawanga. Dereva wake akawapigia kelele dirishani: mvua imenyesha usiku kucha, mahindi yenu yanaelea, meneja amesema aliyeachiwa turubai atalala ndani. Ndipo Monika akashuka kumsalimia mama yake.

"Sisi tulipofika ni kweli yalikuwa yameloa," Mama Agnesi alisema. "Tukayageuza siku nne. Tukayaingiza kwenye ukumbi wa parokia, tukawasha majiko ya mkaa, tukayageuza kama watoto wagonjwa. Yakakauka! Kati ya magunia sitini yalichipua matatu tu, na hayo wapika pombe waliyagombania kwa ajili ya kimea. Meneja alitukaripia asubuhi moja, jioni yake akapiga picha na kombe. Hakuna aliyelala ndani. Hakuna!"

"Monika hakuambiwa?"

"Nilikwenda kumwambia. Wiki iliyofuata, na Landrova ya Ghala. Kwao nilikuwa sikujui, aliyekujua ni mzee Teodori peke yake, na Teodori alikuwa mgambo wetu wa getini. Akaja na sare yake na rungu lake, kama kawaida yake. Hata kanisani alikuwa anakwenda nalo." Akajifuta uso kwa kanga. "Wameona gari la Ghala. Wameona sare. Na mimi nikaondoka pale nimekasirika, karani. Miaka thelathini na tatu nimekasirika."

Nilimsaidia kuchambua maharage. Nadhani ilikuwa sahihi. Nilipoondoka aliniambia, "Hii ndiyo faida ya watu wasiosema sana. Unasikia mpaka mwisho." Kisha akaongeza kwamba hata hivyo natakiwa nijifunze kusalimia watu bila kuwatisha.

Alhamisi, 20 Juni

Hataki nimwandikie Abel. Anataka kusema mwenyewe. Nilimwonyesha jinsi ya kurekodi sauti kwenye simu yangu. Aliishika kama kikombe cha uji akapiga kelele:

"SENTA! MIMI AGNESI! MAHINDI YALIKAUKA!"

"Mama, huna haja ya kupaza sauti. Itafika."

"Ilemba ni mbali!"

Tulirekodi mara nne. Ya nne ilikuwa nzuri. Alieleza yote, magunia matatu, kimea, Teodori na rungu lake, na mwisho akasema kwa Kifipa maneno ambayo sikuyaelewa na sikuuliza. Nikaituma kwa Abel.

Ijumaa, 21 Juni

Tiki moja.

Jumamosi, 22 Juni

Tiki moja. Husna anasema Ilemba ukitaka mtandao unapanda juu ya kichuguu.

Jumapili, 23 Juni

Moja.

Jumanne, 25 Juni

Mbili! Nilikimbia mpaka kwa Mama Agnesi na kandambili za Mama.

Alhamisi, 27 Juni

Zimegeuka bluu saa nne asubuhi. Hakuna jibu. Mama Agnesi alikuja dukani kwetu akijifanya anatafuta misumari. Baba akamuuliza ya inchi ngapi. Akasema yoyote.

Jumapili, 30 Juni

Hakuna jibu. Nimeandika kurasa za miaka ya themanini zote, vizuri, kwa wino wa bluu, na nimeacha ukurasa mmoja mtupu. Siku zote nilidhani Mama Agnesi anajisifu kwa sababu anajipenda. Sasa nadhani alikuwa anapaza sauti ili asisikie pengo la mtu mmoja kwenye hadithi yake.

Jumanne, 2 Julai

Shule imefunguliwa. Baridi kali, mwalimu wa zamu amevaa glavu.

Ijumaa, 5 Julai

Limekuja jibu. Ni sauti, sekunde hamsini na mbili. Sikuthubutu kulisikiliza peke yangu, nikalipeleka. Mama Agnesi, mimi na Husna (ambaye alijialika) tukainama juu ya simu.

Mwanzoni ni jogoo, na mtu anapumua. Jogoo tena. Kisha sauti ndogo:

"Matatu tu?"

Basi. Baada ya hapo analia, au anacheka, na Abel anasikika kwa mbali akisema mama, mama, zima simu.

Mama Agnesi alichukua simu mkononi mwangu. Hakupaza sauti safari hii. "Matatu tu, Senta. Na hayo yalinyweka."

Husna alikuwa analia kuliko wote, na wala hadithi hakuwa anaijua vizuri.

Jumatatu, 8 Julai

Wanazungumza kila jioni kwa simu yangu. Sina tena vocha wala chaji. Nimejua mambo yafuatayo: Monika alikuwa ndani ya kihenge siku ile, ameketi juu ya ulezi, na kupitia ufa aliona viatu vya mgambo. Usiku huo baba yake alimpeleka kwa shangazi, Ilemba. Hakuwahi kupanda tena huku juu, hata kwa msiba. Na kadi zipo. Zote kumi na mbili.

Lakini hataki kumpa mtu yeyote azilete. Anasema alizichukua mwenyewe, atazirudisha mwenyewe, akimaliza mpunga.

Mwalimu Minza alipiga hesabu ya siku kwenye vidole. "Mpunga utaisha lini?"

Sijui. Hakuna anayejua.

Jumatano, 17 Julai

Mpunga haujaisha.

Jumatatu, 22 Julai

Haujaisha. Nimemwomba Mwalimu Minza awapigie Ligi waongeze siku. Wamekataa, kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa. Nilitaka kumtumia Abel ujumbe wa kuwaharakisha, nikauandika, nikaufuta. Huyo mama aliharakishwa mara moja katika maisha yake, na dereva wa lori. Inatosha.

Jumamosi, 27 Julai

Amekuja!

Basi la bondeni liliingia saa saba mchana. Alishuka na gauni jepesi la nchi ya joto, anatetemeka, amekumbatia mfuko wa turubai ya kijani. Mama Agnesi alikuwa amesimama kwenye stendi tangu saa tatu, na magoti yake yale. Nilidhani watakumbatiana. Walitazamana.

"Kepteni," akasema Monika.

"Senta. Umezeeka."

"Na wewe umenenepa."

"Vaa hili sweta kabla hujafa mikononi mwangu, watasema nimekuua."

Alimvalisha kama mtoto, mkono huu, mkono huu, na ndipo wakashikana, na mimi nikaangalia mabasi.

Nyumbani Monika alifungua mfuko. Kadi zilikuwa ndani ya nailoni, ndani ya nailoni nyingine, ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko uliobana. Hakuna hata moja iliyoingia unyevu. Wakazipanga mezani, nyuso kumi na mbili za wasichana wenye nywele za kuchomwa. Wakawa wanagusa moja moja. Huyu yuko Mpanda. Huyu ni mtawa. Huyu alifariki. Huyu naye, kwa kujifungua. Huyu yuko Laela, ana baa. Huyu alifariki. Kati ya wote kumi na wawili, wanne hawapo tena. Mimi niliandika, na safari hii hakuna aliyeniambia niandike kumi na moja.

Kwangu Monika alisema, "Mwanangu, samahani, siku ile nilikufungia mlango."

"Samahani mama, mimi ndiye niliyekutisha."

"Ulisema wewe ni karani wa Ghala! Nikajiuliza, siku hizi wanatuma wadogo hivi?"

Jumatatu, 29 Julai

Mwalimu Minza ameskani fomu na kadi zote kwenye kompyuta ya duka la stesheneri, pande mbili, na kutuma. Umeme ulikatika zikiwa zimefika tisa. Tulikaa kwenye ngazi za duka saa moja na nusu. Ukarudi. Zikafika kumi na mbili.

Jumatano, 31 Julai

Mwalimu ameniita nje ya darasa katikati ya kipindi cha Kemia. Alikuwa na simu mkononi na nilishindwa kuusoma uso wake. Akanipa nisome mwenyewe:

"Tumepokea na kuthibitisha. 1991: Ghala, Sumbawanga. Wachezaji 12. Ahsanteni."

Nilirudi darasani, nikakaa, na mwalimu wa Kemia akaniuliza mbona natabasamu, je, ninalo jibu? Sikuwa nalo. Jioni nilifika nyumbani nikalala kabla ya chakula, na Mama anasema nilikoroma.

Jumamosi, 3 Agosti

Leo Monika amerudi kwake. Tulimsindikiza stendi, mimi, Husna na Mama Agnesi. Kulikuwa na jua zuri na upepo umetulia kidogo. Amesema atapanda tena kabla ya mvua, Abel ataangalia shamba. Begi lake lilikuwa zito kwa maharage, maana Mama Agnesi alikuwa amelijaza bila kumwuliza.

Nilidhani itakuwa huzuni. Konda alikuwa anaita watu, Monika ameweka mguu kwenye ngazi ya basi, Mama Agnesi akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Ila ile pasi ya mwisho, dhidi ya Nyuzi, dakika ya mwisho. Ulipiga hatua."

Monika akashusha mguu. "Nani?"

"Wewe. Ulipokea mpira ukatua kwa mguu wa kulia, ukakanyaga wa kushoto, ukainua wa kulia na kuurudisha chini. Hatua, faulo kabisa. Refa alikuwa ameelekea jua, hakuona."

"Sikupiga hatua!"

"Nilikuwa nyuma yako, Monika."

"Ulikuwa nyuma yangu umelala chini, umeangushwa na yule mrefu wa Tabora! Utaonaje?"

"Kwa macho!"

"Mama zangu," akasema konda, "basi linaondoka."

"Lisubiri!" wakasema wote wawili.

Monika akaweka begi chini, akakunja kanga magotini, na kwenye vumbi la stendi, mbele ya abiria wote wa bondeni, akaonyesha ile pasi. Mguu wa kulia. Wa kushoto. Mama Agnesi akatikisa kichwa, akamsukuma pembeni na kuonyesha anavyoikumbuka yeye, na goti lake likalia mpaka nikalisikia. Mzee mmoja dirishani akasema hiyo ni hatua waziwazi. Mwanamke aliyebeba bata akasema si hatua hata kidogo. Husna akasema inategemea kama mpira ulikuwa tayari umetoka mkononi.

Kisha wote wakanigeukia mimi.

"Karani," akasema Mama Agnesi, "wewe ndiye mtunza alama. Amua."

"Mimi sikuwepo," nikasema. Nikafikiri kidogo. "Lakini kama ilikuwa hatua, Ligi wameshathibitisha."

Monika alicheka mpaka ikabidi ashike mlango wa basi. Akapanda, akapata kiti cha dirishani, akatoa kichwa nje, na basi lilipokuwa linakunja kona ya stendi tulikuwa bado tunamsikia:

"Haikuwa hatua!"

"Ilikuwa!" akapaza Mama Agnesi, na safari hii sikumwambia apunguze sauti.